Tulivyokwenda Songo Songo Kumuuliza Mwandishi wa Sataranji

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza, na kila nikianza kusimulia mtu ananikatiza. Mmoja anataka kujua tulikula nini, mwingine nani alishinda, mwingine kama ni kweli tulipokewa kwa chakula cha watu wengine. Sasa naandika, maana kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Mkikuta sentensi imekwenda upande, mjue shule niliiacha darasa la tatu, na sikuiacha kwa ujinga, niliiacha kwa njaa. Mjukuu wangu ndiye anayepiga chapa na nimemkataza kunirekebisha.

Kwa ambao hawakuwepo tangu mwanzo, jambo lenyewe ni hili.

Kabla sijawa na duka la saruji na mabati, kabla mtaa wetu wote wa Rasbura haujaanza kuniita Saruji, nilikuwa mpagazi katika duka la Bwana Premji pale Lindi mjini. Ndevu zilikuwa zimeshaota. Premji alikuwa anauza vitambaa upande mmoja na misumari upande wa pili. Mchana anafunga mlango, mji mzima umelala, yeye halali. Ndugu yake waliyekuwa wakicheza naye sataranji alikuwa amehama, na yeye kabaki na ubao bila mtu wa kumkabili. Siku moja nikiwa na gunia begani akaniambia, "Weka hilo chini, kaa hapa." Nikakaa. Nilikaa miaka. Mpaka leo nikiulizwa nimesoma wapi, nasema nimesoma kwa Premji.

Kwa Premji askari anakwenda hatua moja tu, hata kama ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Mfalme, mara moja katika mchezo, anaruka kama farasi, ili mradi hajatishwa bado. Na la tatu: waziri wako akiliwa, unaruhusiwa kurudisha hatua yako ya mwisho ukafikiri upya. Mara moja tu. Hiyo tuliita haki ya waziri. Premji alipohamia kwa watoto wake nje, aliniachia ubao na kete zake. Alifia hukohuko, Mungu amrehemu.

Ukaja wakati wangu. Nikajenga duka, nikamtafuta seremala wa kufunga milango, akaja Filipo. Filipo ni Mmakonde wa juu, Newala. Aliuona ubao siku ya kwanza, akauliza ni nini, na milango ile mpaka leo haijafungwa sawasawa. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Kete zilizopotea alizichonga upya kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye milango. Miaka yote hiyo, nikishaswali alasiri, Filipo yupo kwenye kiti chake mbele ya duka, watu wakipita wanatusalimia na sisi hatuwasikii.

Sasa binti yake Filipo, mwalimu, akamletea kitabu. Kitabu cha sataranji, cha Kiswahili. Filipo alivaa miwani akakisoma, halafu akaja nacho kwapani, anatembea kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.

"Saruji," akaniambia, "tumecheza kitu ambacho hakipo."

Akanionyesha. Askari wa kitabuni akitoka anaweza kuruka hatua mbili. Mfalme haruki kama farasi hata kidogo, ila anajificha nyuma ya tembo wake, yule wa kona. Na haki ya waziri haimo. Nilimwambia kitabu kimeandikwa na mtu, na mtu hukosea. Akasema na Premji naye alikuwa mtu. Hapo nikamwambia maneno, naye akanijibu maneno, na kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Lindi hii mimi sina mwingine wa kucheza naye. Vijana nimejaribu kuwafundisha, anasogeza kete moja anatazama simu. Nilikuwa napanga kete mwenyewe, nazitazama, nazirudisha kwenye mfuko wa kete. Mke wangu alivumilia mpaka akachoka. "Nenda kwa Filipo," akasema, "au uza huo ubao. Nyumba imekuwa kama ya msiba."

Nikaenda. Nikamwambia nyuma ya kitabu pameandikwa mwandishi anakaa Kilwa Masoko. Twende tukamuulize. Atakachosema ndiyo basi. Akisema Premji alikosea, nitacheza ya kitabu mpaka nizikwe. Akisema Premji yuko sawa, kitabu kinawekwa kabatini na Filipo anarudi kwenye kiti chake.

"Utakubali kweli?" akauliza.

"Nitakubali."

"Wewe? Wewe hujawahi kukubali hata kwamba mvua inanyesha."

Tukapeana mikono juu ya hilo.

RASBURA MPAKA KIRANJERANJE

Mke wangu alinipigia pasi kanzu nyeupe. "Unakwenda kwa mtu msomi," akasema, "usiende kama mchukuzi." Ubao akaufunika kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, kile cha kufunikia sinia la sikukuu. Filipo naye akatoka na koti lake la harusi ya binti yake. Tukaingia kwenye basi tumependeza na hatuzungumzi. Yeye dirishani upande wa bahari, mimi dirishani upande wa bara.

Basi lilikwenda vizuri mpaka karibu na Kiranjeranje, likatoa harufu ya mpira kuungua, likasimama. Mkanda umekatika. Utingo akapanda bodaboda kwenda kutafuta mwingine Nangurukuru, dereva akatandika kanga chini ya basi akalala, nasi tukashuka. Wamama wa kijiji wakatokea, sijui walipewa habari na nani, na mabeseni ya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Mimi ming'oko naipenda tangu utoto, ile yenye unyevunyevu bado, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Nikanunua. Filipo akanunua yake mbali. Kivuli kilikuwa kimoja, kwa hiyo tukalazimika kukaa pamoja.

Akafungua kitabu, anasoma huku anatafuna. Mimi nikachungulia, na nilichoona kikanifungua mdomo.

"Huyo ngamia wetu wamemwitaje hapo?"

"Askofu."

"Askofu anatafuta nini vitani?"

"Anawaombea majeruhi," akasema Filipo, hakuinua macho.

"Mbona anaua?"

"Ndiyo sababu majeruhi hawamwishi."

Mama wa ming'oko alicheka mpaka akashika beseni. Akauliza kama sisi ni ndugu. Filipo akasema hapana, sisi ni watani, mimi Mmakonde, huyu kabila lake Mmachinga, na Mungu alipokuwa anagawa akili yeye alikuwa kwenye foleni ya saruji. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Lindi. Nikamsogezea chumvi.

Mkanda ulipofika jua lilikuwa limeshapinda.

NANGURUKURU MPAKA MASOKO

Nangurukuru basi linakwenda Dar, sisi tunakwenda Masoko, tukashuka. Fuso lililokuwa limepakia nazi lilitupa lifti. Dereva akanipa shikamoo, akamwambia kijana wake ahamie nyuma, nasi tukakaa mbele kama mabwana. Alituuliza kilichomo kwenye kitambaa. Nikamwambia ni shule yangu. Akaongeza mwendo, nadhani aliona mzee kachanganyikiwa.

Masoko tulilala, na asubuhi tukamtafuta mwandishi. Haikuwa kazi. Kila mtu alimjua, Mwalimu Athumani, mstaafu, alifundisha hesabu. Kitabu chake hakuna aliyekijua. Nyumba tukaikuta imefungwa. Jirani, mama mmoja anayekaanga vitumbua, akatutazama juu mpaka chini.

"Mwalimu na mkewe wako Songo Songo kwao," akasema. "Kuna shughuli ya binti. Kwani ninyi hamjui?"

"Hatujui nini?" nikauliza.

"Haya, baba zangu," akasema, akageuza kitumbua. "Boti mtaipata Kivinje, maji yakijaa." Akatufungia vitumbua kwenye gazeti, na hakutueleza zaidi.

Hapo Filipo alirudi nyuma. Bahari yeye anaijua kwa kula chumvi yake. Alisimama barabarani na koti lake akasema, "Saruji, tumalize hapahapa. Tuchukue sheria moja ya kitabu na moja ya Premji, tugawane."

"Hatukuja kugawana. Tumekuja kuuliza."

"Kuna maji katikati."

"Ndiyo maana kuna boti."

Akanitazama, akakitazama kitabu. Nilijua anachofikiri, kwamba akirudi sasa itakuwa kama amekimbia. Akafunga vifungo vyote vya koti. "Nikifa," akasema, "mwambie binti yangu uliniua wewe, siyo kitabu."

KIVINJE, NA MAJI YENYEWE

Kivinje maji yalikuwa mbali. Boti imelala kwenye tope, watu wamekaa ukutani na mizigo yao wanasubiri. Tulikula vitumbua, tukanywa supu ya pweza, tukasubiri. Yalipojaa hayakujaa hadi ukutani, kwa hiyo lazima uyafuate. Wapo vijana wanaobeba watu mgongoni. Mimi nikakunja kanzu nikaingia kwa miguu yangu, ubao kichwani. Filipo alibebwa. Alikaa mgongoni kwa yule kijana amenyooka, kitabu amekitia kwenye mfuko wa plastiki amekishika juu, kama anapelekwa kutawazwa. Watu wa ukutani walimpigia makofi, naye akawapungia.

Huko nje mawimbi yalimmaliza. Siwezi kuandika yote, ni mtu mzima. Lakini kuna wakati alinishika mkono wa kanzu, macho kayafumba, akasema, "Niongeleshe. Chochote. Usiache kusema."

Nikamsimulia siku niliyomla waziri wa Premji. Sikuwa nimewahi kumsimulia, sijui kwa nini. Ilikuwa mchana wa joto kali, duka limefungwa, ndani kunanukia jora jipya la vitambaa. Nilikuwa nacheza naye miezi mingi bila kumpata popote. Siku hiyo akasahau kona moja. Nikamla waziri wake kwa askari wangu wa kawaida kabisa, askari wa pembeni. Nilisimama kwa furaha nikagonga rafu, majora yakatuangukia wote wawili, kitambaa cheupe kimetufunika vichwa. Premji alicheka, akacheka, akatoa kichwa kwenye kitambaa huku anafuta machozi. Akamtuma mtu alete chai na kababu. Tukala, tukaendelea, na akanifunga vilevile.

"Vilevile?" akauliza Filipo, macho bado kafumba.

"Bila waziri."

"Alikuwa mtu yule," akasema. Halafu akageukia baharini tena.

SONGO SONGO, WALI WA WENGINE

Tulishuka Filipo kageuka rangi, mimi kanzu imeloa mpaka magotini. Tukanyoosha nguo, tukaulizia kwa Mwalimu, tukaelekezwa. Barazani kulikuwa na mama anapeta mchele. Alitutazama: kanzu, koti, kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi. Hakutusalimia. Aliacha ungo akaingia ndani mbio, tukamsikia, "Wamekuja. Wazee wamekuja."

Akatoka mwenye nyumba wa kike, Bi Zainabu, mke wa Mwalimu, kanga mpya. "Karibuni, karibuni sana, wazee wangu. Tuliwatazamia tangu jana."

Nikamnong'oneza Filipo, "Umewapigia simu?"

"Nimpigie nani?"

Nikaona basi, yule mama wa vitumbua ametutangulizia habari. Na niseme kweli, sikushangaa. Mtu akisikia Saruji wa Lindi anakuja kuuliza jambo, ajiandae.

Tukatandikiwa mkeka ambao haujakaliwa. Tukaletewa maji ya kunawa, wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, sharubati ya ukwaju. Filipo, ambaye alikuwa ameacha kila kitu baharini, alikula kama anayefunga hesabu. Hakuna aliyetuuliza shida yetu, na ndiyo adabu, mgeni hula kwanza. Mwalimu Athumani mwenyewe alitupa shikamoo, akakaa pembeni kidogo, mikono kati ya magoti, kichwa chini. Alikuwa na huzuni mtu yule. Nikasema moyoni, huyu anajua kitabu chake kina makosa. Nikamwonea huruma, nikaamua nitasema taratibu.

Tuliponawa, mjomba wa nyumba, Mzee Kombo, akakohoa.

"Haya, wazee. Mmekula, mmepumzika. Tuambieni mlilotumwa."

"Hatukutumwa na mtu," akasema Filipo. "Tumekuja kwa haja yetu wenyewe."

Mzee Kombo akamtazama Filipo, akanitazama mimi. "Yenu wenyewe."

"Ndiyo," nikasema. "Mimi na huyu. Tumegombana mpaka hatusemeshani. Tukaona tuje kwa Mwalimu mwenyewe, akate shauri, na atakayeshindwa akubali."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, bakuli nadhani.

"Wewe mzee," akasema Kombo polepole, "una umri gani?"

"Umri unahusu nini? Mimi haya mambo nimeyaanza wewe hujaoa."

"Na huyu mwenzako mwenye koti? Huyu si Mkristo?"

"Mkristo. Na ndiye mkorofi kuliko mimi."

Mzee Kombo akasimama. Mwalimu akamshika mkono. "Mjomba, kaa. Wazee wangu, samahani, naomba kuuliza. Mnamzungumzia nani?"

Sikuona sababu ya maneno. Nikafunua kitambaa.

Mwalimu aliutazama ubao. Akamtazama Filipo, aliyekuwa anatoa kitabu kwenye mfuko wake wa plastiki. Akaziba uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Bi Zainabu akatoka nyuma ya pazia na binti yake nyuma yake, msichana mzuri, macho yamejaa kicheko, na ndipo tukaelezwa. Walikuwa wanasubiri washenga kutoka Kivinje. Binti anaposwa. Huzuni ya Mwalimu ilikuwa ya baba.

"Na wali wa washenga wameshaumaliza," akasema Bi Zainabu.

"Ulikuwa mzuri," akasema Filipo.

HAPOHAPO, KWENYE UBAO

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tulipokwenda.

Mwalimu alikishika kile kitabu kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Alisema tangu kitoke hajawahi kuona mtu aliyekisoma. Walikiandika wawili, yeye na mkewe. Maneno ni ya Mwalimu, mbao zote zilizochorwa humo ni za Bi Zainabu, kwa rula, jikoni, akishaivisha. "Walionunua ni ndugu zetu," akasema Bi Zainabu, "na hawakukifungua." Kona zote za kitabu cha Filipo zilikuwa zimekunjwa. Mama yule alizipapasa moja moja.

Tukaeleza ugomvi wetu. Mwalimu akaelekeza kidole kwenye ubao. Akasema, "Chezeni kwanza. Kwa namna ya Premji. Nione."

Tukacheza. Mzee Kombo naye akasogea, akasahau hasira. Mfalme wangu aliporuka kama farasi, Mwalimu aliweka mkono mdomoni.

"Hii nimewahi kuisoma tu," akasema. "Wahindi wa zamani walicheza hivi majumbani. Na askari hatua moja, hivyohivyo. Si kosa, wazee. Ni sataranji ya zamani. Sikudhani nitaiona kwa macho, tena hapa Songo Songo."

"Rudia, Mwalimu," nikamwambia, "na umwangalie Filipo."

Akarudia. Filipo akakuna kidevu, akaendelea kucheza. Nilikuwa nimeshashinda, wenzangu. Nilishaiona njia ya kurudi nyumbani na kiti mbele ya duka kimejaa. Nikamla Filipo waziri wake, naye kwa mazoea akanyoosha mkono akarudisha hatua yake.

"Hapo," akasema Mwalimu. "Hiyo ni nini?"

"Haki ya waziri," nikasema, nikamweleza.

Akafikiri sana. Akamtazama mkewe. Bi Zainabu akatikisa kichwa. "Hiyo haipo," akasema Mwalimu. "Samahani, mzee. Hiyo siijui popote, si ya kale si ya sasa."

"Premji alinifundisha kwa mdomo wake."

Bi Zainabu akaja akakaa kwenye mkeka. Aliniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtu mahali panapouma. "Alikufundisha lini, baba? Mwanzoni?"

"Mwanzoni kabisa. Siku ya pili au ya tatu. Nilipoteza waziri mapema, nikataka kuinuka niende zangu. Akanivuta shati, akasema kuna haki ya waziri, rudisha."

"Na yeye, waziri wake alipoliwa?"

Nikaanza kukumbuka. Niliona majora yameanguka, nikamwona anafuta machozi ya kicheko, nikaiona chai inaletwa. Hakurudisha. Siku ile hakurudisha, wala siku nyingine yoyote. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikidhani ni kwa sababu hakuhitaji.

"Hakurudisha," nikasema.

"Basi haikuwa sheria," akasema Bi Zainabu. "Alitaka usiinuke."

Ninyi mnanijua. Mnanijua ninavyosema pale dukani, kwamba mimi sikubebwa na mtu, kila nilichonacho nimekivuta kwa mikono hii. Nimelisema mbele ya watoto wangu, nimelisema mbele ya shehe. Na kumbe mwanzo wake nilibebwa, tena nikabebwa kwa adabu kiasi kwamba sikuhisi mkono. Mtu mwenye duka, peke yake mchana, anamwogopa mpagazi wake asije akaondoka, anamtungia sheria. Nikainama juu ya ubao. Kikohozi changu kilikuja, na mkidhani ni cha saruji nitashukuru.

Filipo angeweza kufurahi. Mapatano yalikuwa mapatano: moja katika tatu haimo duniani, kitabu kimeshinda. Hakufurahi. Alikuwa anazipanga kete upya, polepole, anazitazama zile alizochonga yeye na zile za Premji.

Nikamnyooshea mkono. "Nimekubali," nikasema. "Kuanzia leo tunacheza ya kitabu. Na huyo askofu wako."

Akaupokea. "Si lazima leo," akasema.

Mwalimu aliniomba ruhusa aandike namna ya Premji katika kitabu chao kikichapwa tena. Nikamwambia aandike, jina la Premji kwa herufi kubwa. Askari aandike, mfalme aandike. Lile la tatu nikamwambia aliache.

Washenga wenyewe walifika jioni, boti yao ilichelewa, wakakuta mihogo. Mzee Kombo akatuweka upande wa wazee wa binti, akaniambia nimhoji mshenga wa kijana kwa sababu nina sura ya kuhoji. Nilimhoji. Alitoka jasho, lakini posa ilikubaliwa.

KURUDI

Gatini tulisubiri maji tena, kwenye banda la abiria. Bahari ilikuwa imetulia, lakini Filipo aliitazama kwa jicho la pembeni. Nikaona bora nimshughulishe. Nikafunua ubao kwenye benchi, tukaanza, mchezo wa kitabu, wa kwanza katika maisha yangu. Askari wake wakaruka hatua mbili. Mfalme wangu akajificha nyuma ya tembo, na nilijisikia kama nimemtia mfalme chini ya kitanda. Filipo alinielekeza mahali mbili tatu bila dharau, na mimi nikaelekezwa.

Halafu akakosea. Mawazo yake yalikuwa kwenye mawimbi, akamwacha waziri wake wazi, huyo wanayemwita malkia, nikamla kwa farasi. Mkono wake ulinyooka kurudisha, ulivyozoea, ukasimama hewani. Akaurudisha mfukoni.

"Sawa," akasema. "Endelea."

"Rudisha."

"Kitabu hakina hiyo."

"Najua hakina."

"Tulipeana mikono, Saruji. Sheria ni sheria."

"Siyo sheria," nikamwambia. "Mimi tu ndiye ninayesema. Rudisha, Filipo."

Alinitazama muda mrefu. Watu walikuwa wameanza kuingia botini, mtu anaita majina, yeye hageuki. Akatoa mkono mfukoni, akamchukua malkia wake kwenye kiganja changu, akamrudisha alipokuwa. Akavaa miwani. Alifikiri safari hii, alifikiri kweli, mpaka nahodha akatupigia kelele.

Mliouliza nani alishinda: alishinda yeye, palepale bandani, kabla hawajatunyang'anya benchi.